Kuchagua Globu Mbadala ya Pikipiki

Globu ya pikipiki ni miongoni mwa vitu vidogo kabisa katika duka la spea. Hutoshea katika kiganja cha mkono, na bei yake mara nyingi haimfanyi mnunuzi afikiri mara mbili. Kwa sababu hiyo watumiaji wengi huinunua bila kuuliza maswali ambayo wangeuliza kama wangekuwa wananunua tairi au betri. Hata hivyo, jua linapozama, usalama wa dereva, wa abiria aliyekaa nyuma yake na wa mtembea kwa miguu aliye pembezoni mwa barabara hutegemea kitu hicho kidogo.

Katika kata ya Mfaranyaki, Manispaa ya Songea, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, pikipiki ndiyo usafiri wa kila siku. Hubeba mfanyabiashara na mzigo wake, mgonjwa anayewahi hospitali na mzazi anayerudi nyumbani jioni. Usiku ukiingia, bodaboda huendelea kupeleka abiria Bombambili, Lizaboni, Msamala na Ruhuwiko, na wengine hushika barabara kuu za kwenda Mbinga, Namtumbo na Njombe, ambako hakuna taa za barabarani kwa masafa marefu. Katika miezi ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, giza huja pamoja na matope na maji machoni. Katika hali hiyo, globu isiyofaa si hasara ya fedha peke yake.

Makala haya yanamweleza mtumiaji namna ya kuchagua globu ya kuweka badala ya ile iliyoungua. Jambo kuu la kukumbuka ni moja: globu nzuri ni ile inayolingana na pikipiki yako, wala si lazima iwe ile inayong'aa kuliko zote juu ya meza ya muuzaji.

1. Hakikisha kwanza kwamba globu ndiyo mbovu

Taa isiyowaka haimaanishi wakati wote kwamba globu imeungua. Kabla ya kutoa fedha, fungua taa, toa globu na uitazame mbele ya mwanga wa jua. Ndani yake utaona waya mwembamba uliojikunja, ambao ndio unaowaka na ambao katika makala haya tutauita uzi. Uzi ukiwa umekatika, globu imekufa. Uzi ukiwa mzima, tafuta kosa mahali pengine.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni holda. Mvua, vumbi na mtikisiko wa barabara za udongo huleta kutu katika holda na kulegeza sehemu zinazogusana na globu. Taa hufifia, au huwaka na kuzimika pikipiki inaporuka shimo. Kusafisha holda kwa msasa laini, swichi ikiwa imezimwa, na kukaza waya wa arthi kunaweza kurudisha mwanga wote bila gharama yoyote. Kagua pia fyuzi.

Hali ya globu ya zamani hueleza sababu ya kifo chake. Kioo kilichoingia weusi kwa ndani huonyesha kwamba globu imetumika hadi mwisho wa umri wake. Kioo chenye ukungu mweupe kama maziwa huonyesha kwamba hewa imeingia ndani kwa sababu ya ufa au utengenezaji mbovu. Uzi uliokatika ilhali kioo ni safi kabisa na globu bado ni mpya huelekeza kwenye mtikisiko au kwenye umeme uliozidi.

Ikiwa globu zinaungua mara kwa mara, usiendelee kununua nyingine kabla ya kumwomba fundi apime umeme wa betri, injini ikiwa inaunguruma. Katika mfumo wa volti 12 ulio katika hali nzuri, mita husoma kati ya volti 13.5 na 14.8 hivi. Ikivuka 15, kasoro yaelekea kuwa katika kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita regulata. Kuzidi kwa volti kwa asilimia 5 tu kunaweza kupunguza umri wa globu ya uzi kwa karibu nusu. Mtumiaji anayebadilisha globu tano bila kugusa regulata hutibu homa na kuuacha ugonjwa.

2. Soma maandishi ya globu ya zamani

Usiitupe globu iliyoungua. Ifunge katika kitambaa na uende nayo dukani, kwa kuwa ndiyo shahidi wako wa kwanza. Juu ya kitako chake cha chuma kumeandikwa mambo unayoyahitaji.

La kwanza ni volti. Pikipiki nyingi zinazotumika leo ni za volti 12, lakini zipo za zamani zenye mfumo wa volti 6. Globu ya volti 6 ikifungwa katika mfumo wa volti 12 huungua papo hapo au baada ya muda mfupi sana. Globu ya volti 12 ikifungwa katika mfumo wa volti 6 hutoa mwanga hafifu mwekundu kama wa kaa la moto. Katika jambo hili hakuna nafasi ya kukadiria.

La pili ni wati, yaani kiasi cha nguvu ambacho globu hutumia. Wati zikigawanywa kwa volti hutoa ampia zinazopita katika waya. Globu ya wati 35 katika volti 12 huvuta karibu ampia 2.9, globu ya wati 60 huvuta ampia 5. Waya, swichi na koili ya pikipiki ndogo vimetengenezwa kwa ajili ya kiasi cha kwanza. Ukiweka globu ya pili, swichi hupata joto, holda ya plastiki hulainika, kava ya taa huweza kuyeyuka, na betri huisha haraka kuliko inavyochajiwa.

La tatu ni kitako. Zipo globu zenye pini mbili za pembeni ambazo husukumwa na kuzungushwa kidogo, zipo zenye sahani ya chuma yenye masikio matatu, na zipo ndogo zisizo na chuma ambazo huchomekwa moja kwa moja. Kitako kisichoingia kwa urahisi ni onyo. Globu ambayo fundi analazimika kuikata sikio au kuipinda ili ikae si globu ya pikipiki hiyo.

Ikiwa globu ya zamani imepotea, au ikiwa unashuku kwamba mmiliki aliyekutangulia aliweka isiyo yake, tazama kitabu cha maelezo cha pikipiki. Pikipiki nyingi pia zina maandishi ya volti na wati juu ya kava ya taa au karibu na holda.

3. Kila taa na globu yake

Taa ya mbele. Pikipiki nyingi za biashara zenye injini ya kati ya sentimita za ujazo 100 na 150 hutumia globu ya volti 12 na wati 35/35. Nambari mbili zilizotenganishwa kwa mstari humaanisha nyuzi mbili: mmoja wa mwanga wa mbali, ambao madereva huuita fulu, na mmoja wa mwanga wa karibu, yaani dimu. Nyingi ni globu za halojeni, ambazo kioo chake ni cha kwatzi kinachostahimili joto kali. Globu ya namna hiyo isishikwe kioo kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki juu ya kioo, sehemu hiyo hupata joto kuliko nyingine, na globu hufa mapema. Ishike kwa kitako au kwa kitambaa safi. Ikiguswa kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti na uiache ikauke kabla ya kuiwasha.

Hapa ndipo mnunuzi hukutana na kishawishi kikubwa. Muuzaji humwambia: "Kaka, chukua hii, inamulika kama gari." Mara nyingi humaanisha kweli globu ya gari, ile ya aina ya H4 yenye wati 60/55. Umbo lake linakaribiana na la globu ya wati 35/35 ya aina ya HS1, ila masikio ya kitako hayalingani sawasawa, na ndiyo maana baadhi ya mafundi huyachonga. Mnunuzi akikubali, hupata mwanga mkali kwa siku chache, kisha hulipia holda, swichi au koili. Globu iliyochongwa kitako, tena, haikai mahali pake halisi, na mwanga wake hupotoka.

Taa ya nyuma na ya breki. Katika pikipiki nyingi taa hizi mbili hutoka katika globu moja ya wati 21/5. Uzi wa wati 5 huwaka wakati wote taa zikiwa zimewashwa; uzi wa wati 21 huwaka breki inapokamatwa. Pini za globu hii hazikai usawa mmoja: moja iko juu kidogo na nyingine chini kidogo. Mtengenezaji amefanya hivyo makusudi ili globu iingie kwa upande mmoja tu. Ikilazimishwa kinyume, kazi za nyuzi hubadilishana. Taa ya nyuma huwaka kwa nguvu wakati wote na kupasha kava joto, na dereva anapofunga breki, anayemfuata huona badiliko dogo lisilomwambia chochote.

Jambo hilo lina uzito wake. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, chombo hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Gari lililo nyuma ya bodaboda likichelewa sekunde moja kutambua kwamba breki imekamatwa, limekwisha kusogea mita 14, na aliye wa kwanza kukutana nalo ni abiria.

Indiketa. Globu zake huwa za uzi mmoja, na pini zake hukaa usawa mmoja. Pikipiki nyingi ndogo hutumia wati 10, na nyingine hutumia zaidi. Wati za kulia na za kushoto, za mbele na za nyuma, lazima zifuate maelezo ya mtengenezaji, kwa kuwa flasha inayowasha na kuzima taa hizo imepangwa kwa mzigo maalumu. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni mwako wa mara 60 hadi 120 kwa dakika. Indiketa za upande mmoja zikianza kuwaka upesi au polepole kuliko kawaida, mara nyingi ni ishara kwamba globu moja ya upande huo imekufa.

Taa za dashibodi. Hizi ni globu ndogo sana, kwa kawaida za wati chache tu. Watumiaji wengi huziacha zikiwa zimekufa, wakisema haziwahusu walio barabarani. Lakini taa ndogo ya bluu ndiyo humkumbusha dereva kwamba ameacha fulu ikimchoma machoni anayekuja mbele yake. Usiweke globu yenye wati kubwa hapa, kwani nafasi ni finyu na joto huharibu plastiki na maandishi ya spidimita.

4. Globu za LED: faida zake na masharti yake

Siku hizi maduka ya spea yamejaa globu za LED. Hizi hazina uzi. Mwanga hutoka katika vipande vidogo vya kielektroniki. Zina faida za kweli. Hutumia umeme kidogo, hustahimili mtikisiko kuliko globu ya uzi, na zikitengenezwa vizuri hudumu muda mrefu. Katika taa ya breki zina faida moja zaidi: huwaka mara moja, ilhali uzi huhitaji takribani sehemu mbili za kumi za sekunde kupata moto kamili. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, muda huo ni karibu mita 3 za barabara.

Lakini faida hizo huja kwa masharti manne, ambayo muuzaji ana wajibu wa kuyaeleza na mnunuzi ana wajibu wa kuyauliza.

Sharti la kwanza ni aina ya umeme. Betri hutoa mkondo mnyoofu, na globu nyingi za LED zimetengenezwa kwa mkondo huo. Lakini katika pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele haipati umeme kutoka kwenye betri, bali moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, ambayo hutoa mkondo geu. Globu ya uzi haijali tofauti hiyo. Globu ya LED iliyotengenezwa kwa mkondo mnyoofu peke yake hupepesa, huwaka nusu, au hufa mapema. Kupima ni rahisi. Washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa ya mbele. Ikiwaka kwa mwanga thabiti, inatumia betri. Ikikataa kuwaka hadi injini iungurume, na mwanga wake ukiongezeka unapovuta mafuta, yaelekea inatumia koili. Katika hali hiyo nunua LED iliyoandikwa wazi kwamba inakubali mikondo yote miwili, au baki na globu ya halojeni.

Sharti la pili ni mahali mwanga unapotokea. Bakuli la kuakisi lililo ndani ya taa ya mbele limechongwa kwa hesabu, likitarajia kwamba mwanga utatoka katika nukta ile ile ulipo uzi. Globu ya LED ambayo vipande vyake haviko katika nukta hiyo hutawanya mwanga ovyo. Dereva huona weupe mwingi karibu na tairi la mbele, barabara ya mbali hubaki gizani, na anayekuja kutoka upande wa pili hupofuka. Ndiyo maana wingi wa mwanga ulioandikwa juu ya boksi hautoshi kuwa kipimo.

Sharti la tatu ni joto. LED haitoi joto kubwa kwa mbele, lakini hupata joto katika kitako chake, na joto hilo lisipotolewa huifupisha maisha. Kwa sababu hiyo globu nyingi za LED za taa ya mbele zina mapezi ya chuma au feni ndogo kwa nyuma. Hakikisha kwamba nafasi iliyo nyuma ya taa inatosha, na kwamba mpira wa kuzuia maji unarudi mahali pake. Kuuondoa mpira huo ili globu ienee ni kuyakaribisha maji ya masika ndani ya taa.

Sharti la nne linahusu indiketa. Kwa kuwa LED huvuta umeme kidogo sana, flasha ya kawaida huweza kudhani kwamba globu zimeungua, na indiketa zikawaka upesi kupita kiasi, au zikaganda bila kuwaka na kuzima. Anayetaka LED katika indiketa anapaswa kununua pia flasha inayolingana nazo. Gharama hiyo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Ieleweke pia kwamba LED ina upande wa chanya na upande wa hasi. Globu ndogo ya kuchomeka isipowaka, itoe, igeuze na uirudishe kabla ya kusema ni mbovu.

5. Rangi ya mwanga na rangi ya kava

Mbele, mwanga wa kumulika barabara huwa mweupe au wenye umanjano. Nyuma huwa mwekundu. Indiketa huwa za rangi ya chungwa. Rangi hizi ni lugha ambayo watumiaji wote wa barabara wameizoea. Taa nyeupe inayotazama nyuma humfanya anayefuata adhani kwamba chombo kinakuja kuelekea kwake. Globu za buluu au zambarau zinazouzwa kama mapambo zisitumike mahali pa taa hizi.

Kava nyekundu au ya chungwa haitengenezi rangi. Huruhusu rangi hiyo ipite na kuzuia nyingine. Mwanga wa globu ya uzi una wekundu mwingi ndani yake, kwa hiyo hupita vizuri katika kava nyekundu. Mwanga wa LED nyeupe yenye ubaridi wa kibuluu una wekundu mchache, na ukipita katika kava hiyo hiyo hutoka ukiwa umefifia au umekuwa wa waridi. Kanuni ni hii: ukitumia LED, chagua nyekundu kwa kava nyekundu na ya chungwa kwa kava ya chungwa. Ikiwa kava ya indiketa ni nyeupe tangu kiwandani, globu yenyewe lazima iwe ya rangi ya chungwa. Na ikiwa kava imepauka kwa jua hadi rangi imetoka, badilisha kava. Globu yenye nguvu zaidi haitarudisha rangi iliyopotea.

Kwa taa ya mbele, boksi la globu huweza kuonyesha rangi ya mwanga kwa kipimo cha kelvini. Globu ya halojeni ya kawaida ina karibu kelvini 3,000, yaani mwanga wa joto wenye umanjano. Kadiri nambari inavyopanda kuelekea 6,000 na zaidi, ndivyo mwanga unavyoelekea ubuluu. Mwanga wa kibuluu huonekana mkali kwa anayeutazama, na humsumbua macho zaidi anayekuja mbele, lakini nambari kubwa ya kelvini haimaanishi kwamba barabara inaonekana zaidi. Kelvini ni kipimo cha rangi. Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni.

6. Ukiwa dukani

Unaponunua, zingatia mambo yafuatayo:

(a) Onyesha globu ya zamani, na ulinganishe mwenyewe volti, wati na kitako. Usiridhike na jibu kwamba "zote ni sawa".

(b) Soma maandishi ya boksi na ya globu yenyewe. Yawe yanasomeka, yataje mtengenezaji, volti na wati, na yasipingane. Boksi likisema wati 35 na kitako kikisema wati 60, iache. Globu nyingi za uzi zilizothibitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zina alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na nambari. Alama hiyo ni dalili nzuri, ingawa waghushi nao huiiga. Kwa hiyo iangalie pamoja na dalili nyingine.

(c) Kagua kazi yenyewe. Kitako kilicholegea, uzi uliokaa upande na kioo chenye mapovu ni dalili za bidhaa duni.

(d) Omba globu ijaribiwe mbele yako, na nyuzi zote mbili ziwake. Kuwaka dukani kwa betri si uthibitisho wa kila jambo, lakini huondoa shaka ya globu iliyokuja ikiwa imekufa.

(e) Uliza masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, kisha dai risiti inayotaja aina ya bidhaa. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha kwamba globu ilinunuliwa mahali fulani na siku fulani.

Linganisha gharama kwa muda wa matumizi. Tuchukue mfano: globu moja inauzwa nusu ya bei ya nyingine, lakini hudumu miezi mitatu ilhali ile ya pili hudumu mwaka. Mnunuzi wa ile ya bei ndogo atanunua nne, na atakuwa amelipa mara mbili ya bei ya ile nzuri, bila kuhesabu ujira wa fundi wala safari alizokatisha kwa kukosa taa.

Mtumiaji analindwa na sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa zake. Tume hiyo hushughulikia pia bidhaa bandia, zile zinazovaa jina au alama ya mtengenezaji mwingine. Shirika la Viwango Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, hushughulikia ubora wa bidhaa. Ukiuziwa globu yenye kasoro, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti, boksi na globu yenyewe. Asiposikiliza, peleka malalamiko katika ofisi ya biashara ya halmashauri yako, nayo itakuelekeza kwenye taasisi inayohusika. Usitupe boksi, kwa kuwa ndilo lenye jina la mtengenezaji.

7. Baada ya kufunga globu mpya

Kazi haijaisha globu inapowaka. Simamisha pikipiki mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, dereva akiwa amekaa juu yake. Weka alama ukutani kwa kimo sawa na cha katikati ya taa. Washa mwanga wa karibu: ukingo wake wa juu uwe chini kidogo ya alama hiyo. Ukiwa juu, mwanga unaingia machoni mwa wengine; ukiwa chini sana, huoni mbali. Rekebisha kwa skrubu za taa. Kumbuka kwamba abiria au mzigo mzito huishusha pikipiki nyuma na kuinua mwanga mbele, hivyo wanaobeba abiria kila siku wapime wakiwa na mtu nyuma.

Kisha mwombe mwenzako asimame nyuma, hatua thelathini hivi. Washa taa, kamata breki ya mkono, iachie, kisha kanyaga ya mguu. Akuambie kama tofauti kati ya taa ya kawaida na taa ya breki ni dhahiri. Jaribu indiketa zote nne. Ukaguzi huu hauchukui dakika tatu, nao unafaa kurudiwa kila jioni kabla ya kuingia barabarani. Abiria pia ana haki ya kutazama. Anayeona pikipiki haina taa ya nyuma anaweza kumwambia dereva kwa heshima, "Samahani kaka, taa yako ya nyuma haiwaki," na kutafuta usafiri mwingine.

Hitimisho

Mtumiaji hahitaji kuwa fundi wa umeme ili kuchagua globu vizuri. Anahitaji kubeba globu ya zamani, kusoma volti, wati na kitako, kujua umeme wa taa yake ya mbele unatoka wapi, kulinganisha rangi ya LED na rangi ya kava, na kudai risiti. Akifanya hayo, dereva wa Mfaranyaki anayerudi usiku kutoka Ruhuwiko huiona barabara iliyo mbele yake, wanaokuja hawapofushwi na taa yake, na wanaomfuata hujua ni wakati gani amekamata breki.